Vizibo vya Mwisho

Kinu cha Hamidi kilipozima tena, wanaume wote waliokaa juu ya magunia pale getini walisonya kwa pamoja kama kwaya iliyofanya mazoezi. Dominika peke yake ndiye aliyeinamia birika lake la chai akatabasamu. Alitabasamu haraka haraka, kama mtu anayelamba sukari ya mwenzake, kisha akainua uso wenye huzuni inayomfaa muuza chai ambaye wateja wake wamekwama na mahindi yao.

"Shemeji, naona umefurahi," alisema Beda. Huyu alikuwa mbeba magunia, na mdomo wake ulikuwa na nguvu kuliko mgongo.

"Nifurahi nini? Moshi umeniingia machoni."

"Moshi unaoonyesha meno! Huo ni wa kuni gani, na mimi nikamnunulie mke wangu?"

Wenzake wakacheka. Toka ndani ya kinu ikasikika sauti ya Hamidi, mwenye mali, ikipasua bati: "Fundi! Fundi Felisian! Njoo uone mtoto wako kalala tena!"

Na Felisian akapita mbio pale getini, bisibisi mkononi, bila kumtazama mkewe. Dominika aliutazama mgongo wake mpaka ukamezwa na giza la mlangoni. Akajisemea moyoni: leo pia haondoki.

Maana hesabu yenyewe ilikuwa nyepesi hata kwa mtu aliyeishia darasa la tano. Felisian alikuwa fundi umeme wa mgodi mmoja huko kaskazini. Tangu wazungu wa migodi waingie nchini, wanaume wa mtaa wao wa Kizwite walikuwa wakienda huko kama mvuke wa chungu, na wakirudi hurudi kwa Krismasi, wakala kuku, wakaondoka kabla mifupa haijapoa. Safari hii Felisian alikuja baada ya Pasaka kwa sababu Hamidi alikuwa amenunua ghala lililoachwa na serikali, akaingiza humo mashine mpya kutoka nje: ya kukoboa, ya kusaga, ya kupepeta, na mzani unaojaza mifuko wenyewe. Alihitaji fundi wa kuziunganisha. Makubaliano yalikuwa kwamba kinu kikianza kutembea vizuri, kibarua kimekwisha, fundi arudi alikotoka.

Sasa kinu kilikataa kutembea vizuri. Kilisaga, kikakohoa, kikanyamaza. Kila kiliponyamaza Hamidi alitukana ukoo mzima wa umeme, wakulima waliopandisha mahindi yao kutoka Mtowisa kule bondeni walilala na magunia nje kwenye baridi ya mwezi wa sita, na Dominika alipata siku moja zaidi ya kuwa na mume.

Jumapili alikwenda kanisani akaombea kinu. Mungu tu ndiye aliyejua alikiombea nini.

*

Nyumbani, mwanamume alikuwa kitu kipya. Miaka yote Dominika alikuwa amezoea sufuria ndogo ya ugali, ile inayowatosha yeye na binti yao Coleta. Sasa ile kubwa ilitoka chini ya kitanda, ikasuguliwa kwa mchanga, ikapewa heshima yake. Kulikuwa na ndala kubwa mlangoni. Kulikuwa na mtu wa kukohoa uani alfajiri, majirani wakasikia. Dominika alikipenda kile kikohozi kuliko redio.

Hakuwahi kumwambia. Mwanamke wa kwao hasemi mambo hayo, anaongeza mboga. Alichofanya yeye, akiwa na akili zake timamu, ni kulegeza skrubu za kitasa cha mlango wa jikoni ili mumewe akaze. Akikaza, kesho yake analegeza ya dirisha.

"Nyumba hii ina pepo wa skrubu," Felisian alisema siku moja, amepiga magoti.

"Ni upepo, Baba Coleta."

"Upepo unaojua kuzungusha kwa kushoto?"

Dominika alikwenda zake kuchochea moto.

Felisian alikuwa fundi msafi. Alifundishwa kazi enzi zile za kufunga mikanda, wakati bulbu moja ilitafutwa mpaka Mbeya, na mwalimu wake alikuwa na sheria mbili. Ya kwanza: waya zote zipite njia moja, zifungwe fungu moja lililonyooka, mtu akiona aseme hapa pamepita fundi. Ya pili: kipuri kisichojulikana kazi yake ni spea, na spea hutunzwa. Ndiyo maana, alipokuta kwenye makasha ya mashine kipakiti cha plastiki chenye vizibo viwili vya shaba, vyenye nyuzi za kukazia kama za bulbu, kila kimoja kidogo kama kidole gumba cha mtoto, hakuvichezea. Alivileta nyumbani akaviweka kabatini nyuma ya glasi za wageni.

"Hivi vitakuja kutuokoa siku moja," alimwambia mkewe. Dominika akavipangusa vumbi kila Jumamosi pamoja na glasi.

*

Injinia aliyeletwa kutoka Dar aliposhuka kwenye gari la Hamidi, Beda alimwendea akamwuliza kama bosi yuko nyuma anakuja.

"Bosi yupi? Mimi ndiye Herieth," alisema yule dada. Alikuwa mfupi, amevaa koti la mitumba lililomzidi, pua imeshakuwa nyekundu kwa baridi. "Kuna chai hapa? Jamani, huku mnaishije?"

Akanywa vikombe viwili vya Dominika akiwa amesimama, akasifu tangawizi, akalipa, akaingia. Dominika alimpenda palepale, na palepale akaanza kumwogopa.

Saa nne aliitwa apeleke chai ndani. Akamkuta Herieth amepanda ngazi, anamulika tochi kwenye ukuta ambako Felisian alikuwa amepitisha waya zake. Na kweli lilikuwa jambo la kutazama! Fungu moja limenyooka kama mfereji, limefungwa kwa vikamba vyeusi vilivyoachana sawasawa, kona zimekatwa kama pindo la suruali ya harusi. Felisian alisimama chini, mikono nyuma, akisubiri kusifiwa.

"Nani kafunga hii?" Herieth aliuliza.

"Mimi."

"Imependeza sana, kaka yangu." Akashuka ngazi. "Itabidi tuifumue yote."

Hamidi, aliyekuwa na kikombe mdomoni, alikishusha. "Nini?"

"Huu waya wa zambarau haubebi umeme wa kuendesha kitu. Unabeba maneno. Mzani unamwambia msagaji, ngoja, mfuko umejaa. Msagaji anamwambia mkoboaji, usilete kwanza. Sasa fundi kaulaza kitanda kimoja na waya nene za mota. Mota kubwa ikiamka inapiga kelele, hawa wanaonong'ona hawasikilizani. Wakikosa kusikilizana, wamefundishwa kusimama." Akaushika mwisho wa waya ulioingia kwenye mashine. "Na huu wavu wa nje umekatwa. Kwa nini?"

"Ulionekana kama nguo tu ya kusafiria," Felisian alisema kwa sauti ndogo. "Nikasafisha."

"Ndio unaozuia kelele. Unatakiwa ubanwe kwenye chuma, uende ardhini. Na hizi mbili za ndani zilikuja zimesokotana, umezisokotoa umezinyoosha. Ziache zimekumbatiana mpaka pale mlangoni pa mashine kabisa."

Mmoja wa vibarua akaguna kwa kicheko. Felisian aliutazama ukuta wake. Dominika, sinia mkononi, aliona masikio ya mumewe yakigeuka rangi, akatamani kumvuta shati ampeleke nyumbani akakaze skrubu.

"Si kosa la ajabu," Herieth akaongeza, akalainisha sauti. "Umefunga kama nyumba. Ingekuwa nyumba, ningekupa mkono. Tutaifanya upya pamoja, siku mbili. Kuna jambo moja tu: kwenye mashine ya kwanza na ya mwisho panatakiwa vizibo. Viwili, vya shaba, vya kukaza hivi. Neno likifika mwisho wa waya likakosa wa kulipokea, linagonga na kurudi, linakutana na lingine njiani. Vizibo ndivyo vinavyolipokea. Viko wapi?"

"Havikuja," Hamidi alisema.

"Vilikuja," alisema Felisian. Uso wake ukafunguka kwa mara ya kwanza. "Vipo nyumbani. Nilidhani spea. Vipo salama kabisa!"

Dominika alikwisha kuweka sinia chini. Alikuwa nje ya geti kabla mtu hajasema asante kwa chai.

*

Njia nzima mpaka Kizwite alijiambia anakwenda kuvichukua ili amrahisishie mumewe. Alifungua kabati. Kipakiti kilikuwa pale nyuma ya glasi. Akakishika kiganjani, kilikuwa chepesi mno kwa kitu kinachoweza kumwondoa mtu nyumbani kwake.

Siku mbili, alisema yule dada. Siku mbili na vizibo viwili, na baada ya hapo ni sufuria ndogo.

Alikitumbukiza kwenye debe la maharage ya mbegu, akakoroga kwa mkono mpaka kikazama.

Felisian alikuja mchana anahema. Alihamisha glasi moja moja, akazipanga sakafuni. Akatazama chini ya kabati, juu ya kabati, ndani ya viatu vyake vya Jumapili.

"Mama Coleta, hukuviona?"

"Labda Coleta alichezea."

Coleta alikuwa shuleni na hakuwa na wakili. Aliporudi aliulizwa, akakana, akalia. Dominika akamtia kipande cha muwa mkononi na hakuweza kumtazama usoni.

"Nilisema mbele yao kwamba vipo," Felisian alisema, amekaa sakafuni katikati ya glasi kama mtu aliyefumaniwa anauza vyombo. "Nilisema vipo salama kabisa. Nitarudi na uso gani?"

"Si wataagiza vingine?"

"Vya mashine ile vinatoka Afrika Kusini. Injinia anasema akibandika vya kuokota, waliouza watakataa dhamana yao." Akaanza kurudisha glasi kabatini. "Hamidi atasema nimeuza."

Na Hamidi akasema hivyohivyo. Alisema kesho yake, na akasema kwa sauti ile ya kupasua bati, wakulima wakiwa wamejaa uwanjani na magunia yao. Alikuwa na haki ya hasira: alikopa, mahindi ya watu yalikuwa nje, na wenzake wenye maduka walishaanza kumwita mwenye kanisa, kwa sababu jengo lake kubwa lilikuwa kimya siku sita za juma.

"Nimekuleta kutoka huko nikakuheshimu, kumbe nimeleta mchwa! Shaba inanunuliwa, nani hajui? Mlinzi! Kuanzia leo huyu akitoka, apekuliwe."

Felisian alichukua bisibisi yake akaingia ndani. Siku ile nzima yeye na Herieth walifumua ule ukuta. Alivikata vikamba vyake kimoja kimoja, akautoa waya wa zambarau kwenye fungu, akaupitisha njia yake mwenyewe upande wa pili, mbali na zile nene. Na palipolazimu zikutane, alizikatisha kama msalaba, kama alivyoelekezwa. Wavu akaubana kwenye chuma. Zile mbili za ndani akaziacha zimesokotana. Alifanya kwa usafi uleule, na hilo ndilo lililomuuma Dominika zaidi kila alipopita na birika: mtu anabomoa sifa yake kwa mikono yake, na bado ananyoosha kona.

Jioni vibarua walipotoka, mlinzi alimsimamisha Felisian getini, hatua chache kutoka kwenye jiko la Dominika.

"Samahani, fundi. Ni amri."

"Fanya kazi yako."

Mlinzi akamwingiza mikono mifukoni. Akatoa leso, akatoa kipande cha penseli, akatoa mkate wa chapati aliokuwa amefungiwa na mkewe asubuhi na hakuula. Akamwambia avue viatu. Felisian akavua, akasimama kwenye changarawe ile ya baridi na soksi zilizotoboka kidole, watu wakitazama. Hata Beda alipiga chafya tu, ambayo haikuwa chafya.

Dominika aliacha birika motoni, akakimbia nyumbani. Wateja walidhani ameona aibu. Debe la maharage alilimwaga sakafuni lote, akapekua kwa magoti, akarudi anatweta na maharage mawili yamenasa kwenye kanga. Felisian alikuwa amezuiwa pale mpaka tajiri atoke, na ndiyo kwanza alikuwa anafunga kamba za viatu. Hamidi na Herieth walikuwa wanatoka.

"Hivi hapa," Dominika alisema. Akakinyoosha kipakiti. "Mume wangu si mwizi. Nilivificha mimi."

Herieth akakichukua, akakitazama kwa tochi, akaitikia kwa kichwa.

"Wewe?" Hamidi alishangaa. "Mama, nimekukosea nini? Si nakuacha uuze chai hapa bure?"

"Hujanikosea, Tajiri."

"Basi kwa nini?"

Dominika alifungua mdomo. Watu wote walikuwa wamegeuka, na hata mlinzi alikuwa bado ameshika kile kipande cha penseli. Sababu ilikuwa imemkaa kooni, fupi, ya maneno machache tu, lakini haikuwa ya kusemea getini.

"Niliona vinang'aa," alisema.

Wengine wakacheka. Felisian hakucheka. Alimtazama mkewe kama mtu aliyefika kwenye mlango anaoujua akakuta kitasa kipya. Kisha akamalizia kufunga kamba.

*

Asubuhi yake vizibo vilikazwa, kimoja kwenye mkoboaji, kimoja kwenye mzani. Mota kubwa iliamka, na safari hii hakuna aliyenyamaza. Mifuko ilijaa, ikasogea, ikajaa mingine. Wakulima walipiga makofi. Hamidi alimkumbatia Felisian mbele za watu, akamwomba radhi mbele za watu vilevile, ni lazima tumpe haki yake, akamlipa chake chote na akaongeza mfuko wa sembe.

"Huna kazi ya fundi wa kudumu?" Herieth alimwuliza Hamidi. "Huyu sasa anajua."

"Fundi wa kudumu wa kufanya nini, Injinia? Umesema mwenyewe, ikifungwa vizuri haisumbui." Hakuwa na ubaya. Alikuwa anajibu swali.

Felisian alirudi nyumbani na mfuko begani. Dominika alikuwa anaokota maharage sakafuni, mengine yalikuwa yameingia kwenye nyufa. Akaweka mfuko chini, akachuchumaa, akaanza kuokota naye. Waliokota mpaka debe likafika nusu.

"Na skrubu ni wewe," alisema mwishowe.

"Ni mimi."

"Zote?"

"Ya dirisha la chumbani ilikufa yenyewe."

Felisian alitaka kucheka, ikashindikana. "Kwa nini hukusema tu, mke wangu?"

"Niseme nini?"

"Hicho ulichoshindwa kukisema jana."

Dominika alikusanya maharage kiganjani. Kulikuwa na jogoo anapita uani, na mtu anafua kwa jirani, dunia yote imekaa karibu mno. Akasema akiwa ameinama.

"Sitaki uende."

Felisian alikaa chini kabisa, mgongo ukutani.

"Nikibaki tutakula nini? Nyumba za umeme hapa mjini zinahesabika, na mafundi wake tayari wapo. Coleta anaingia sekondari mwaka gani vile? Ada hiyo…"

"Sikukuuliza tutakula nini. Hayo nayajua. Chai nauza mimi." Akainua uso. "Nimekwambia sitaki uende. Basi. Nataka ujue hilo ukiwa huko."

Jogoo akamaliza kupita.

"Na mimi sitaki kwenda," Felisian alisema. Alilisema taratibu, kama anayejaribu waya kwa kidole asijue una moto au hauna. "Kila mwaka nikifika kona ile ya mlimani, sitaki. Nilidhani wewe umezoea. Unafungasha chapati, unanipa begi, unageuka."

"Nageuka kwa sababu gani, wewe mwanamume?"

Felisian alinyoosha mkono akautoa ule wa mkewe kwenye maharage, akaushika hivyo hivyo na vumbi lake, mchana kweupe, mlango ukiwa wazi. Coleta alirudi kutoka shule akawakuta, akarudi nje kimya kimya akaanza kuruka kamba.

Ijumaa Felisian akaondoka.

*

Jirani yake Rhoda, ambaye watu wake walihamia Rukwa na ng'ombe kutoka upande wa Shinyanga, alimkuta Dominika shambani anavunja mahindi. Akaweka chini kapu lake, akamsaidia mstari mmoja, kama wanavyosaidiana wanawake wakiwa na la kuuliza.

"Mzee kaenda tena?"

"Kaenda."

"Ndio walivyo. Miguu yao inawasha, hawawezi kutulia. Wa kwangu alikuwa akimwona mbwa anakimbia, na yeye anatafuta kofia."

"Wa kwangu hakutaka kwenda," Dominika alisema.

Rhoda aligeuka na hindi mkononi. "Nani kasema?"

"Kasema mwenyewe. Kwa mdomo wake."

"Akishasema akaenda?"

"Akaenda."

"Sasa imekusaidia nini, dada?"

Dominika alifikiri. Upepo wa uwandani ulikuwa unayasugua mabua makavu, na baridi ilikuwa inamwingia chini ya kanga mpaka kwenye mbavu. Kifua kilimuuma mahali palepale kilipomuuma kila mwaka, na mwaka huu kilizidi.

"Haijanisaidia," alisema. "Lakini niulize tena alisemaje."

Rhoda alimtazama, akacheka, akaona mwenzake hacheki. Akatua hindi kwenye kapu.

"Haya. Alisemaje?"